Kiyoyozi Kimechoka: Tukitengeneze Tena au Tununue Kipya? Ulinganisho kwa Nyumba za Unguja na Pemba

Masika yaliyopita viyoyozi viwili vya familia yetu viliugua pamoja. Kimoja kilikuwa chumbani kwa mama, Malindi ya Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya mawe ambayo ukifungua dirisha unasikia honi za boti bandarini. Cha pili kiko kwa kaka yangu Fuoni, nyumba ya matofali, bahari huioni wala huinusi. Vilinunuliwa wiki moja, miaka saba nyuma. Cha kaka kilikuwa kama maiti: unabonyeza rimoti, kimya. Cha mama kilikuwa kinawaka, kinapuliza, na chumba kinapoa. Mwisho wake, cha kaka tulikitengeneza na kinafanya kazi hadi leo, na cha mama ndicho tulichokishusha ukutani.

Majirani walishangaa. Kizima mnakitupa, kilichokufa mnakifufua? Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zinafanya kinyume chake kila mwaka, na pesa zinapotea. Kila nikisikia mtu amejaza gesi mara ya nne ndani ya miaka miwili naumia, kwani nasi tulipita njia hiyo hiyo.

Kazi ya kiyoyozi kwetu ni kutoa maji

Katika nchi za baridi kali watu hufunga mashine ya kuongeza unyevu ndani ya nyumba, maana hita zao hukausha hewa mpaka midomo inapasuka. Sisi shida yetu ni ya upande wa pili. Hewa ya visiwani mara nyingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 75, na masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, hupanda zaidi. Chumvi mezani inashikana, milango inavimba haifungiki, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, na nguo ulizozifukiza udi wiki iliyopita zinarudi kunuka uvundo. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 24 na bado ukalala juu ya shuka inayonata.

Kwa hiyo kiyoyozi cha kisiwani usikipime kwa ubaridi peke yake. Kipime kwa maji. Hewa ya chumba inapopita kwenye koili ya baridi, yaani mabomba yaliyojikunja ndani ya mashine, mvuke unaganda kuwa matone, yanateremka kwenye sinia, yanatoka kwa mpira wa nje. Weka ndoo chini ya mpira huo. Mashine yenye afya ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), usiku wa masika na chumba kimefungwa vizuri, hutoa takriban lita moja kwa saa mwanzoni, kisha hupungua kadiri chumba kinavyokauka. Ndoo ya mama ilipoangaliwa alfajiri ilikuwa na vikombe vitatu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, nunua kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani. Baada ya saa mbili za kiyoyozi, chumba kinatakiwa kiwe kati ya asilimia 50 na 60. Kikiganda kwenye 70 na kuendelea, ukungu utaota hata kama unatetemeka kwa baridi. Na ukiwa na kipimajoto, pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kawaida, ingawa siku za unyevu mwingi sana hupungua kidogo, kwa sababu nguvu nyingi inakwenda kwenye kuugeuza mvuke kuwa maji.

Kilichokufa ghafla na kinachokufa polepole

Mlinganisho ambao watu hawaufanyi ni huu, na kwangu mimi ndio mkubwa kuliko yote.

Mashine inayokufa ghafla mara nyingi imepigwa na umeme. Visiwa vyetu vinapata umeme kutoka Bara kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, na kila mtu mzima wa Unguja anaikumbuka ile miezi ya giza iliyoanza Desemba 2009. Siku hizi giza la namna ile hatulioni, lakini umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, au huja mdogo jioni wakati kila nyumba imewasha. Vinavyoungua hapo ni kapasita (kikopo kidogo kinachoisukuma mota ianze kuzunguka), bodi ya umeme, au mota ya feni. Hivi ni vipuri vinavyobadilika, na kufa kwake hakusemi lolote kuhusu uzima wa mashine yote. Kwa kaka, umeme ulikatika baada ya Magharibi, ukarudi, ukakatika tena. Fundi alikuta kapasita imevimba na bodi imeungua sehemu moja ndogo. Koili zilikuwa safi, mapezi (yale mabati membamba yanayozunguka mabomba) yamenyooka, gesi ipo. Kuitupa mashine ile ingekuwa kama kutupa baiskeli kwa sababu ya mnyororo.

Mashine inayokufa polepole, kwetu, muuaji wake ni chumvi. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi hadi kwenye boksi la nje. Ndani yake kuna mabomba ya shaba yaliyovishwa mapezi ya aluminiamu, na metali mbili zikikutana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Ukiyagusa mapezi yanamong'onyoka kama unga wa udongo. Yakishaliwa, joto halitoki vizuri, kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, inafanya kazi bila kupumzika, inachemka, na siku moja inakwama. Wakati huo huo kutu inatafuna miguu ya boksi na misumari inayolishikilia ukutani, jambo ambalo kwenye ghorofa juu ya kichochoro si la kuchezea.

Haya huyatengenezi kwa kipuri kimoja. Ukibadilisha kompresa na mapezi yameliwa, umeweka moyo mpya kwenye mapafu mabovu.

Ndiyo maana umri wa kiyoyozi hauhesabiwi sawa Malindi na Fuoni. Wanaouza wanasema kinaishi miaka 10 hadi 15. Kwa hesabu yangu mwenyewe, mwaka mmoja wa ukingoni mwa bahari nauona kama miaka miwili ya ndani ya kisiwa. Mashine ya miaka saba kwa kaka ni ya makamo. Ya mama ilikuwa mzee.

"Gesi imekwisha"

Sentensi hii imenigharimu. Fundi wa kwanza aliyekuja kwa mama alikuwa kijana mwenye adabu sana. Aliingia na shikamoo yake, mama akamwitikia marahaba na kumpa maji ya kunywa, akafunga geji, akasema, "Bi mkubwa, gesi imekwisha tu, nikijaza itakuwa sawa." Ikawa sawa. Baada ya miezi mitano akarudi. Kisha mitatu.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna tundu itabaki humo mpaka mashine inazeeka. Ikipungua, inavuja. Kwa hiyo fundi akisema gesi imekwisha, swali lako ni moja: imevujia wapi? Fundi wa kweli atajaza naitrojeni, atapaka povu la sabuni kwenye maungio, atatafuta. Na jibu la swali hilo ndilo linaloamua.

Likiwa tundu liko kwenye maungio ya bomba, pale kwenye nati, tengeneza. Ni kazi ya muda mfupi na ya gharama ndogo. Likiwa kwenye koili ya ndani au ya nje iliyoliwa na chumvi, kuchomelea tundu moja ni kusubiri la pili, maana bomba lote lina hali ile ile. Kwa mama tundu lilikuwa kwenye koili ya nje, na fundi wa pili, mtu mzima aliyezoea nyumba za Mji Mkongwe, alinionyesha sehemu tatu nyingine zilizokuwa zimeanza kubadilika rangi. Hakusema kitupe. Alisema, "Mwanangu, mimi nikichomelea hapa nitakula pesa yako mara tatu." Nilimshukuru kwa ukweli ule, na namshukuru hadi sasa.

Halafu soma kibandiko ubavuni mwa boksi la nje, kimeandikwa aina ya gesi. Kama ni R22 na mashine inavuja, kwangu mimi mjadala umekwisha: nunua kipya. R22 ni katika gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinaziondoa kwa hatua. Mwaka 2025 matumizi yalitakiwa yawe yamepunguzwa kwa asilimia 67.5, na 2030 yaondoke karibu yote, ibaki sehemu ndogo tu ya kuhudumia mashine za zamani hadi 2040. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba gesi hiyo itazidi kuwa adimu na ghali, na za kuchakachua zitazidi. Na asikudanganye mtu kwamba atatia R410A ndani ya mashine ya R22. Mgandamizo wake ni mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya kompresa ni mengine.

Kama kibandiko kinasema R410A au R32, una nafasi ya kufikiri. Zote mbili haziharibu ozoni, na R32 inachangia joto la dunia kwa karibu theluthi moja tu ya R410A. Inaweza kushika moto kidogo, hivyo fundi wake awe na vifaa vinavyostahili na asivute sigara akiifungua.

Vitu ambavyo si ugonjwa wa kufa

Maji yakidondoka ndani, kwenye ukuta au kitandani, usikimbilie duka. Mara nyingi ni utelezi umeziba mpira wa kutolea maji. Unasafishwa. Barafu kwenye koili ya ndani: anza na filta, kama imejaa vumbi hewa haipiti na koili inaganda. Harufu ya soksi mbichi ni ukungu kwenye feni ya ndani, huoshwa. Rimoti isiyoshika, betri. Haya ni ya nusu saa.

Kompresa iliyokwama ni habari nyingine. Ukipiga hesabu ya kompresa mpya, gesi, na mkono wa fundi, mara nyingi unafika nusu ya bei ya kiyoyozi kipya au unapita. Na ile iliyoungua huacha masizi na tindikali kwenye mabomba, isiposafishwa vizuri mpya nayo inafuata. Ningekubali kubadilisha kompresa kwenye mashine changa tu, iliyo mbali na pwani, na hasa kama iko ndani ya dhamana.

Hesabu ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla

Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinakula karibu kilowati 1.1 kompresa inapozunguka. Kikiwa kizima, kwa saa nane za usiku, kompresa itapumzika robo ya muda: kama uniti 6.6. Kikiwa kinavuja gesi au mapezi yameliwa, haipumziki kabisa: uniti 8.8, na chumba bado hakijakauka. Cha inverta cha ukubwa ule ule, ambacho kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, kinaweza kutumia wastani wa kilowati 0.55 chumba kikishatulia: uniti 4.4 hivi.

Kwa hiyo kati ya mgonjwa na inverta kuna zaidi ya uniti 4 kila usiku, zaidi ya 120 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia Tukuza, kisha gawanya bei ya kiyoyozi kipya kwa jibu hilo, utajua ni miezi mingapi kinajilipa. Lakini kati ya cha kawaida kilicho kizima na inverta kuna uniti 2 tu. Ndiyo sababu sikumshauri kaka anunue kipya kwa ajili ya umeme. Mtu asibadilishe mashine nzima kwa sababu jirani ana inverta.

Ukiamua kununua: kosa la ukubwa

Hapa ndipo nina uchungu zaidi. Kiyoyozi cha mama kilikuwa BTU 18,000 ndani ya chumba cha mita tatu kwa nne. Tulikichagua kwa mapenzi, tukidhani kikubwa kitampumzisha zaidi. Kumbe kikubwa kwenye chumba kidogo kinapoza hewa kwa dakika chache, kinazima, kabla koili haijapata muda wa kuvuta maji. Baada ya dakika chache kinawaka tena, na maji yaliyobaki kwenye koili yanapulizwa kurudi chumbani. Mama alilala kwenye baridi lenye unyevu miaka saba, akilalamika magoti, nasi tukamwekea shuka ya pili. Na gesi ilipoanza kuvuja hatukujua, kwa kuwa hata nusu ya nguvu ya mashine ile ilitosha kukipoza chumba, ila sehemu ya koili tu ndiyo iliyobaki ya baridi, hewa iliyobaki ikapita bila kukaushwa.

Tungenunua 18,000 nyingine tungerudia kosa kwa pesa mpya. Tulichukua inverta ya 9,000. Inazunguka polepole usiku kucha, na mama sasa anaiweka nyuzi 26, halafu anajifunika kanga tu.

Vya mtumba vinavyoteremshwa bandarini vina bei ya kuvutia, nami siwalaumu wanaovinunua. Tazama kibandiko kwanza: kama ni R22, kiache. Tazama mapezi kwa tochi. Na ujue kwamba aliyekiuza hajui kilikotoka, kwa hiyo hesabu yako ya umri inaanzia gizani. Kwa nyumba ya pwani mimi sichukui mtumba.

Kwa nyumba ya pwani ulizia mapezi yaliyopakwa kinga, yale yenye rangi ya dhahabu au buluu. Hayazuii chumvi milele, yanachelewesha. Kinachosaidia zaidi ni kuliosha boksi la nje kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kupaka sumu kwa brashi. Na ukiwa Mji Mkongwe, kabla ya kutundika boksi jipya mbele ya nyumba, kaulize Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mara nyingi upande wa uani ndio bora hata kwa mashine, maana upepo wa bahari haulipigi moja kwa moja.

Kama uko Pemba

Mizani inainama kidogo kwa sababu ya vipuri. Dada yangu yuko Wete, na bodi ya kiyoyozi chake ilisubiriwa kutoka Unguja kwa meli. Kule ningechagua aina ambayo fundi wa karibu ana vipuri vyake mkononi, hata kama si bora kuliko zote, na ningeweka akiba ya kapasita moja ndani ya nyumba. Stabilaiza (kifaa cha kusawazisha umeme) yenye kuchelewesha dakika tatu kabla ya kuwasha ni ya lazima kwangu, Pemba na Unguja pia.

Kabla hujalaumu mashine

Mara nyingine kiyoyozi kina afya na ukuta ndio unaotoa maji. Nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini unatoka ukutani polepole. Ukiipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa, unapanda juu zaidi, rangi inavimba na kubanduka. Hakuna BTU zitakazoshinda ukuta kama huo. Tazama usawa wa kiuno kwenda chini. Kama doa liko huko na linafuata mstari, pesa yako ya kwanza iende kwa fundi chokaa. Kwa mama tulibandua saruji ya ukuta mmoja kabla ya kufunga mashine mpya.

Na kama shida yako ni vitabu, magodoro na makabati tu, wala huhitaji baridi, hasa miezi ya kusi, kuna mashine ya kukausha hewa ya kusimama sakafuni. Inatumia umeme kidogo kuliko kiyoyozi, ila inatoa joto kiasi chumbani. Mzee asiyependa baridi huipenda.

Siku ya kufunga kipya, simama na fundi. Aivute hewa yote ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, asipulize tu na gesi yenyewe. Hewa na unyevu vikibaki humo, kompresa inaanza kuugua siku ile ile. Ya zamani isikatwe bomba na gesi kuachiwa angani: irudishwe kwanza ndani ya boksi la nje, kama bado inawaka, ndipo ifunguliwe.

Kisha weka ndoo. Wiki ya kwanza, usiku mmoja, kwa muda wa saa nne kamili, pima maji na uandike: tarehe, lita, unyevu wa chumba, uniti zilizotumika. Sisi tumeandika nyuma ya mlango wa kabati la mama, kwa kalamu ya wino. Masika ijayo tutapima tena na kulinganisha, na fundi atakayekuja na neno la gesi ataonyeshwa mlango huo kwanza.